Jicho la Ng'ombe wa Mahari Lililokataa Kuvimba

Kilichotokea Butiama mwaka 1991 hutakiamini. Uvimbe mdogo kama punje ya hindi, kwenye kope ya ng'ombe, uliudanganya mwili wa ng'ombe, ukaidanganya dawa, ukamdanganya na mtu aliyeichoma hiyo dawa, halafu ukavunja uchumba wa watu. Ukaja kukamatwa baada ya miaka thelathini na tatu! Ukimaliza kusoma utasema mzee kachanganya mambo. Hajachanganya. Sauti zote zipo kwenye simu, na wahusika karibu wote wako hai, wengine bado hawasalimiani.

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi, Guta, nje kidogo ya mji wa Bunda. Mzee Nathanieli Kwangu, miaka sabini, amepiga goti kwenye samadi mbichi. Mkono wa kushoto umeshika pua ya ng'ombe, vidole viwili ndani kabisa, ng'ombe katulia. Mkono wa kulia unafunua kope. Anaangalia. Anapitisha kidole kwenye kope, anakisugua, anakinusa.

"Mmempaka nini?" anauliza bila kugeuka.

Mwenye ng'ombe, mama mmoja aliyefunga kanga kiunoni, anaapa hajapaka kitu.

"Mama, niambie ukweli."

"Haki ya Mungu, tata, hata maji sijamwoshea."

Pembeni, juu ya ndoo iliyofunikwa, amekaa Hamduni, mchinjaji mstaafu wa Bunda mjini na rafiki yake wa miaka mingi. Anacheka mpaka anakohoa. "Huyu mzee akifa, akifika mbinguni, atamuuliza malaika kapaka nini."

"Nyamaza wewe muuza mifupa," Nathanieli anamjibu, na bado ananusa kidole.

Swali hilo huliuliza kila asubuhi, kwa kila ng'ombe. Hutibu minyoo, kwato, kiwele na macho, na kwa kila ng'ombe hulipwa shilingi elfu tano, au kuku, au ahadi. Wafugaji wa Guta wanasema wanamwita yeye, si vijana wenye pikipiki, kwa sababu moja tu: Nathanieli hadanganyi na hadanganyiki.

Sifa hiyo aliipata siku moja, mbele ya watu. Sasa anahofia aliipata kwa makosa.

*

Nathanieli aliajiriwa serikalini mwaka 1977, msaidizi wa bwana mifugo. Miaka ya kufunga mkanda anaikumbuka kwa josho lililokauka mpaka watoto wakachezea mpira ndani yake, na kabati la dawa lenye chupa moja ya iodini na panya aliyekufa.

Halafu ikaja ruksa. Biashara ikafunguliwa, na dawa zikaanza kuingia kwa baiskeli kutoka mpakani Sirari. Sindano, vidonge, tyubu. Nyingi hazikuwa na karatasi, na zenye karatasi zilikuwa na karatasi za dawa nyingine.

"Wakati wa shida nilikuwaga najua kwamba sina dawa," anasema. "Wakati wa ruksa nikawa sijui nilichoshika ni dawa au ni unga wa muhogo. Bora shida. Shida haikudanganyi."

Tyubu moja ilipendwa kuliko zote. Ilikuwa na kifuniko cha njano na iliuzwa minadani pamoja na nyembe na betri. Ukimpaka ng'ombe mwenye jicho jekundu, kesho jicho jeupe. Nathanieli aliichukia. Ilikuwa dawa ya kupoza, inawalaza askari wa mwili ili uvimbe ushuke, wakati ugonjwa wenyewe uko palepale. Walanguzi waliipaka ng'ombe wagonjwa asubuhi ya mnada.

Ndipo mwaka 1991 akaja daktari kijana wa mifugo, Dk. Silasi, na wazo la kichaa.

Ng'ombe wenye kope nyeupe, hasa machotara wa maziwa, hupatwa na kansa ya jicho kwa ajili ya jua kali. Dk. Silasi alisoma kwamba nchi nyingine walishajaribu kuchoma chanjo ya kifua kikuu, ileile inayoacha kovu begani kwa watoto, ndani ya uvimbe wenyewe. Si kwamba chanjo inaua kansa. Inapiga kelele. Askari wa mwili, zile chembe nyeupe za damu, wanasikia kuna mgeni, wanakuja mbio, wanamkuta mgeni, wanaikuta na kansa, wanapiga vyote.

Kabla hujakimbilia sindano: hili lilikuwa jaribio la daktari, si la kufanyia nyumbani. Hata chanjo yenyewe Dk. Silasi aliitoa wapi, hakusema. Nathanieli hakuuliza.

"Alinipa sharti moja tu," anasema. "Jicho lazima livimbe. Likivimba ndiyo askari wamefika. Mtu asipake kitu cha kupoza, hata maji ya mchele. Akipoza, amewafukuza askari."

Ng'ombe wa kwanza alikuwa wa Hamduni. Siku ya tano jicho likavimba kama ngumi, likatoa usaha, ng'ombe akawa anagonga miti.

"Nilimfuata na kisu cha bucha, kweli kabisa," Hamduni anasema. "Nikamwambia, mimi nimekuletea ng'ombe mwenye chunusi, wewe unanirudishia ng'ombe mwenye embe usoni! Akanijibu, mshukuru Mungu, ndiyo dawa hiyo. Nikajua huyu mtu kaharibikiwa."

Wiki ya sita uvimbe ulikauka ukadondoka kwenye majani. Hamduni aliuokota akauweka kwenye kiberiti, akawaonyesha wateja mpaka mke wake akautupa.

Ng'ombe wa pili alikuwa wa Keraryo, Butiama.

*

Keraryo alikuwa mfugaji mkubwa na rafiki wa Nathanieli. Walikula pamoja, walizikiana wafu. Mwanawe Boniphace alikuwa amemchumbia Wegesa, binti wa mzee Alfonsi. Katika ng'ombe za mahari, Alfonsi alimtaja mmoja kwa kidole: yule chotara mwekundu mwenye uso mweupe, mwenye maziwa. Ng'ombe akishatajwa hivyo habadilishwi, kumbadilisha ni kumtukana mkwe.

Ndipo ikatokea punje kwenye kope.

Keraryo hakuficha. Alimwita Alfonsi akamwonyesha. Wakakubaliana kiume: ng'ombe atibiwe na mtu wa serikali, wazi, na wiki ya tatu wakwe waje kumwona. Wakikuta matibabu yanakwenda kihalali, mahari inahesabika. Wakikuta ujanja, hakuna ndoa.

Tarehe 11 Juni, Dk. Silasi alikata kipande kidogo cha uvimbe akakitia kwenye chupa. Kisha Nathanieli akachoma.

Siku ya tano akapanda baiskeli kwenda kuangalia. Jicho halikuvimba. Siku ya kumi, halikuvimba. Akachoma mara ya pili. Kimya. Punje ikawa kubwa kidogo, imetulia tu, haina joto, haina usaha, kama haijaguswa.

"Hapo nikaanza kuwaza," anasema. "Dawa ileile. Mkono uleule. Wa Hamduni kavimba, wa huyu hapana. Kwa nini? Mtu anapoza. Na nani mwenye faida jicho lionekane zuri kabla wakwe hawajafika?"

Alianza kuchunguza. Akawa anafika bila kusema siku. Mara mbili alimkuta mke wa Keraryo akitoka zizini na akamwona kama anaficha mkono. Mara nyingine alikuta kifuniko cha njano kwenye samadi, karibu na mlango wa zizi. Akakitia mfukoni, asimwambie mtu.

Siku ya wakwe alifika wa mwisho. Wazee wamekaa, uji wa ulezi umeshamiminwa, chotara kafungwa katikati ya boma. Kope inang'aa. Nathanieli akaenda moja kwa moja, akapitisha kidole. Mafuta.

Alfonsi akauliza, "Vipi mtaalamu, dawa inafanya kazi?"

Nathanieli anasema angeweza kumvuta Keraryo pembeni. Hakumvuta.

"Dawa ingefanya kazi," akasema kwa sauti, "kama mwenye ng'ombe asingempaka tyubu ya mnadani."

Akatoa kifuniko mfukoni, akakitupa chini mbele ya miguu ya mkwe.

"Sikupaka," Keraryo akasema.

"Haya mafuta ni ya nini?"

"Sikupaka tyubu, Nathanieli. Wewe ndiye unaniambia hivyo? Wewe?"

Alfonsi aliweka kibuyu chini bila kunywa. Kwao kibuyu hakirudi chini kimejaa. Watu wakasimama wote kwa pamoja.

Uchumba ukafa siku ileile. Ritongo, baraza la wazee, lilimtoza Keraryo faini kwa kumdanganya mkwe. Alilipa, lakini mpaka mwisho alikataa kukiri. Chotara alichinjwa mwaka uliofuata, jicho limeoza mpaka kwenye mfupa.

Na Nathanieli? Akawa mtu! Habari ikavuka Butiama ikafika Bunda kabla yake: kuna msaidizi wa mifugo aliyemwaga ukweli mbele ya wakwe wa rafiki yake. Alipopunguzwa kazi mwaka 1994, wenzake walirudi kulima mihogo. Yeye kiinua mgongo kilimnunulia baiskeli na mabati kumi, na jina likamlisha. Watoto watano wamesoma kwa jina hilo.

*

Wegesa leo ana miaka hamsini na tatu. Anashona nguo Nyasho, Musoma mjini, cherehani mbili na redio. Aliolewa kwingine, mume akafariki.

"Watu wakisikia wananicheka," anasema huku akikata uzi kwa meno. "Wanasema, wewe wenzako wanaachwa kwa tabia, wewe umeachwa kwa jicho la ng'ombe."

Je, anaamini Keraryo alipaka?

Anasimamisha cherehani. "Boniphace aliniapia kwamba baba yake hakupaka. Mimi sikumwamini. Nilikuwa na miaka ishirini, nilimwamini mtu wa serikali mwenye koti jeupe." Anaikanyaga tena cherehani. "Mwambie huyo mzee wako asije hapa."

*

Mwaka jana mwezi wa tisa, simu ya Nathanieli iliita, namba ngeni. Alidhani matapeli. Alikata mara mbili.

Mpigaji alikuwa Mwanahalima, mtafiti kijana wa kansa za wanyama, mzaliwa wa Bunda na mwanafunzi wa mwisho wa Dk. Silasi. Daktari kabla ya kufariki alimwachia boksi la vipande vya nta, kila kimoja na nyama kidogo ndani. Alikuwa amevitunza miaka yote hiyo. Vipande viwili vilikuwa na mwandiko wake: *Hamduni, Bunda, kabla ya sindano. Keraryo, Butiama, kabla ya sindano, 11/6/91.*

Walikutana kwenye hoteli ndogo Musoma. Mwanahalima alifungua kompyuta kando ya chai na maandazi. Alikuwa amevikata vile vipande vyembamba sana, akavitia rangi za siku hizi.

Picha ya kwanza, uvimbe wa Hamduni. Askari wa mwili, doti za bluu, walikuwa wamezagaa ndani kama siafu.

Picha ya pili, wa Keraryo. Doti zilikuwa nyingi vilevile. Ila zote zimekwama pembeni, zimeuzunguka uvimbe, ndani karibu hakuna kitu.

"Kwa hiyo walikuja?" Nathanieli akauliza.

"Walikuja, babu. Tena kabla hujachoma sindano."

"Sasa wamesimama wanafanya nini? Mkutano?"

Mwanahalima akamuuliza: "Usiku wa wizi, yowe likipigwa, mnafanyaje?"

"Tunatoka. Kila mwanaume. Tunafuata nyayo."

"Mnafika mtoni, mnamkuta kijana wa ukoo wenu. Anasema rudini, ng'ombe wameshapatikana."

"Tunarudi."

"Na kama yeye ndiye mwizi?"

Nathanieli akaweka andazi chini.

Ndivyo kansa inavyofanya. Seli yake si mgeni, ni mtoto wa mwilini aliyeharibika. Inajua lugha ya nyumbani. Kawaida mwili una alama ya kuwaambia askari "tulieni, huyu wetu", la sivyo wangeishambulia hata ngozi na ini. Uvimbe wa Keraryo ulikuwa umeivaa alama hiyo kila mahali. Kwenye picha ilikuwa rangi ya kahawia, imetapakaa kama kutu. Na haukuishia hapo. Uliwaita na askari wa aina nyingine, wale ambao kazi yao ni kutuliza fujo, wakaja wakaukalia kama walinzi wa kukodi. Wapiganaji wakifika wanachoka, wanalegea, wanasahau walichofuata.

"Kwa hiyo mimi nikachoma sindano," Nathanieli akasema polepole.

"Ukapiga yowe kubwa zaidi. Lakini yule wa mtoni alikuwa bado amesimama pale."

Mwanahalima akamweleza kwamba siku hizi kuna dawa za binadamu zinazoziba mdomo wa huyo wa mtoni. Kuna wanaopona waliokuwa wameshaagwa. Wengi zinawakatalia kabisa, na kuna wanaopata nafuu halafu kansa inarudi na ujanja mwingine, inafuta hata ile dalili inayowafanya askari waitambue.

"Hiyo naijua," mzee akadakia. "Mwizi akiona alama ya sikio inamponza, analikata sikio upya. Ng'ombe yuleyule, unampita mnadani humjui."

"Ndiyo hiyo, babu. Nitaiiba nikafundishie."

Mzee hakucheka. Aliuliza swali moja tu, akaliuliza mara mbili. "Kwa hiyo Keraryo hakupaka?"

"Sijasema hivyo. Kipande hiki kilikatwa wiki tatu kabla ya wakwe kuja, hakiwezi kujua nani alipaka nini baadaye. Na huyu ni ng'ombe mmoja tu. Ninachosema, jicho kukaa kimya si ushahidi wa tyubu. Uvimbe ulikuwa umeshajipaka wenyewe."

*

Ukifika Butiama leo, utamkuta Keraryo, miaka themanini na mbili, akili kali kama wembe. Anamtazama mgeni kama mkaguzi wa kodi.

"Mafuta ya kwenye kope yalikuwa samli," anasema. "Kwetu ng'ombe wa mahari, siku wakwe wanapokuja kumwona, anapakwa samli usoni na mama wa nyumba, asubuhi ileile, kwa baraka. Mke wangu alimpaka. Wazee wa Ritongo niliwaambia, wakasema samli haina kifuniko. Nathanieli si wa kwetu, hajui. Angeuliza, angejibiwa. Lakini alikuja na jibu mfukoni."

Na kifuniko cha njano?

"Watoto wote wa hapa walikuwa wanaokota vifuniko mnadani, wanatengenezea magurudumu ya magari yao. Ungekuta ishirini." Anaelekeza kidole kwenye daftari. "Unaandika? Andika."

Nathanieli akaelezwa haya. Ukweli wa Mungu, akaanza kusugua kidole kwa kidole gumba.

"Samli inanuka," akasema. "Mimi siku ile sikunusa samli. Au nilinusa, nikaikataa? Sikumbuki. Miaka thelathini na tatu nimeikumbuka tyubu mpaka naisikia harufu yake."

Mke wake, mama Bhoke, hataki hata kusikia. "Ukienda kusema ulikosea, kesho nani atakuita? Watasema kumbe hata jicho la Hamduni lilijiponea lenyewe. Tutakula picha za kompyuta?"

"Mama Bhoke, yule mzee atakufa na jina baya nililompa mimi."

"Na wewe utakufa na njaa. Chagua."

Alichagua. Alimtuma Hamduni kwenda Butiama kuomba njia. Hamduni alikwenda na jibu akarudi nalo, na ndilo linalomnyima mzee usingizi.

Keraryo amekubali. Ritongo litakaa Jumamosi hii, Boniphace atakuwepo na wana wa marehemu Alfonsi wameitwa. Lakini ana sharti. Hataki kusikia habari za rangi wala askari wala maabara. Hataki neno "huenda". Uongo, anasema, ulisemwa kwa maneno machache, na uondolewe kwa machache: Nathanieli asimame, ashike fimbo ya wazee, aape kwamba *Keraryo hakupaka*.

Na Nathanieli hajui.

"Nikisema picha zinaonyesha hivi na hivi, huo ni ukweli, lakini kwake ni kukwepa, atanifukuza," anasema akifunga mkoba wake pale Guta, jua limeshapanda. "Nikiapa hakupaka, nimemwondolea aibu yake, ila nimeapa kwa kitu nisichokijua. Na mimi nimekula maisha yangu yote kwa sababu ya kutosema nisichokijua. Ndivyo nilivyodhani."

Mpango wake ni mmoja: Jumamosi atakwenda. Mtamba wa fidia ameshamtenga, baiskeli imeshajazwa upepo. Cha kusema, bado.

"Moyo wangu asilimia kubwa unasema hakupaka," anasema. "Lakini kuna kaasilimia kanabaki. Kanakataa kutoka."

Wewe msomaji, ungekuwa umesimama pale Butiama, fimbo mkononi, mzee wa miaka themanini na mbili anakutazama mdomoni, ungeapa?